Kuziba Mifereji ya Gego

Mtoto akaribiapo umri wa miaka 6, nyuma ya meno yake ya utotoni huchomoza gego la kwanza la kudumu, kimyakimya, pasipo jino lolote kung'oka ili kulipisha. Na kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa ni miongoni mwa yale yatakayodondoka, wasilishughulikie, ilhali ndilo litakalomtumikia hadi uzeeni. Usoni mwa gego hilo mna mifereji iliyo myembamba kuliko unywele wa mswaki, hata mkono hodari wa kusugua haufiki chini. Humo ndimo chakula kisakamamo, na vijidudu vikaigeuza sukari kuwa tindikali iyeyushayo madini ya jino.

Dawa yake ni kuiziba mifereji hiyo. Mwaka 1955 Michael Buonocore, tabibu wa meno wa Rochester, Marekani, alidhihirisha kwamba jino likipakwa tindikali ya fosforasi kwa sekunde 30 hupata vitundu vidogo mno, ambamo utomvu wa plastiki hupenya na kushikamana. Kutokana na ugunduzi huo daktari leo hulisafisha gego, hulipaka tindikali, huliosha, hulikausha mpaka liwe jeupe kama chokaa, kisha huumimina utomvu katika mifereji na kuugandisha kwa taa ya buluu. Hapana sindano wala keekee. Adui ni mate: yakigusa jino kabla ya utomvu kumiminwa, kazi yote hubatilika.

Lakini wengi hudhani dawa hii ni ya meno mazima peke yake, na hapo hukosea sana. Hata uozo ambao ndio kwanza waanza, ambao haujatoboa shimo, wafaa kuzibwa. Na mzazi aulizapo kwa khofu, vipi vijidudu vifungiwe ndani ya jino la mwanawe, jawabu ni kwamba riziki yao ni sukari itokayo kinywani, na njia ikizibwa barabara, vingi hufa, vilivyosalia hunyong'onyea, na uozo husimama palepale. Sharti ni kwamba kizibo kikaguliwe kila mara, na kikibanduka kirudishiwe. Jino lenye shimo refu, au liumalo usiku, hilo lataka tiba nyingine.

Ama kwa mahali pasipo umeme, iko njia iliyoanzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken wa Uholanzi alipokuwa akifanya kazi Dar es Salaam: uozo laini huchokolewa kwa vyombo vya mkono tu, kisha saruji ya glasi-ionoma, isiyochukia unyevu kama utomvu ule, hushindiliwa kwa kidole katika shimo na mifereji iliyo jirani, nayo hutoa floraidi polepole. Saruji hiyo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2021 katika orodha ya dawa za lazima, na kwa rai yangu yastahiki kuwapo katika kila zahanati ambayo watoto wa shule huipitia, wapate kuzibiwa wafikapo miaka 6, na tena takriban miaka 12, gego la pili litokezapo.