Chuma Hakipendezi Siku ya Kwanza

Pale Kariakoo kuli anajitwisha gunia la mahindi la kilo 100, au lumbesa ya kuzidi hapo, analifikisha kwenye lori na kurudi kuchukua jingine. Mtaa wa pili, ghorofani, mtu aliyetoka ofisini amelipa ada ya mwezi ili anyanyue uzito kama huo huo, kisha aurudishe pale pale alipoutoa. Wa kwanza ukimwambia apumzike leo na ujira wake ataupata, hatakuuliza mara mbili. Wa pili akikosa jimu siku tatu ananuna. Misuli ni ya binadamu wale wale na uzito haumjui mtu. Basi raha ya huyu wa pili inatoka wapi?

Jibu linalosikika sana vijiweni na redioni ni endofini. Habari yake inaanzia mwaka 1975, pale John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen huko Uskoti, walipotangaza kwamba ubongo hujitengenezea kemikali zinazofanya kazi kama mofini. Baadaye damu ya wakimbiaji ikapimwa, ikakutwa na endofini nyingi kuliko kawaida, na watu wakaunganisha mambo. Tatizo ni kwamba endofini iliyomo kwenye damu haivuki kirahisi ukuta unaoulinda ubongo. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani waliziba vipokezi vya endofini katika panya waliozoeshwa kukimbia kwenye gurudumu. Panya wakaendelea kupungukiwa na wasiwasi baada ya mbio kama kawaida. Walipoziba vipokezi vya kemikali nyingine, za ukoo mmoja na kiini cha bangi lakini zinazotengenezwa na mwili wenyewe, utulivu ule ukatoweka.

Kwa hiyo kemikali zipo, ila ni zaidi ya moja, na nyingi zimechunguzwa kwa wakimbiaji kuliko kwa wanyanyua vyuma. Na hata tukizikubali zote, hazifumbui fumbo letu. Kama raha ingekuwa ya kemikali tupu, kuli angeshinda anacheka, na mgeni wa jimu angetoka siku ya kwanza akiwa na furaha. Mambo hayako hivyo. Raha ya vyuma hufundishwa, na wanaofundishwa ni wawili, mwili na ubongo.

Siku ya kwanza

Panteleimon Ekkekakis, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Iowa State nchini Marekani, alikuwa na mtindo rahisi wa kuchunguza: kumuuliza mtu anajisikiaje wakati mazoezi yanaendelea, badala ya kusubiri amalize. Mazoezi yakiwa mepesi, majibu hutofautiana. Wengine wanafurahia, wengine hawafurahii. Yakifika kiwango cha kumkatisha mtu pumzi, karibu kila mmoja hujisikia vibaya zaidi kadiri dakika zinavyosogea. Lakini akiacha tu, ndani ya dakika chache hali hugeuka, na mara nyingi hupanda kupita ilivyokuwa kabla hajaanza.

Maana yake ni kwamba malipo ya mwanzoni huja baada ya kazi. Mgeni hajui hilo. Anachokiona mbele yake ni zile dakika za mwanzo zenye karaha, na kwa hizo ndizo anapima saa nzima. Mwaka 2011 Matthew Ruby na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwaomba watu wakadirie watafurahia mazoezi yao kiasi gani, kisha wakawauliza tena baada ya kuyafanya. Kwenye yoga, kwenye vyuma na kwenye mazoezi mengine, watu walifurahia kuliko walivyokuwa wametabiri. Walipoombwa waanze na sehemu wanayoipenda zaidi, utabiri wao nao ukapanda.

Kikwazo kingine huja kesho yake. Mtu anaamka, hawezi kuinua mkono kuchana nywele, na kushuka ngazi ni adhabu. Wengi huilaumu asidi ya laktiki, wakati laktiki ya mazoezi huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi. Maumivu hayo yanatokana na michubuko midogo sana ndani ya nyuzi za misuli na uvimbe unaofuata wakati mwili unakarabati, nayo hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Jambo asiloambiwa mgeni ni kwamba kipindi kimoja tu cha mazoezi huikinga misuli kwa wiki kadhaa. Akirudia zoezi lile lile, maumivu huwa madogo mno kuliko ya kwanza. Anayeacha baada ya siku moja ameyalipia maumivu yote na hakusubiri chenji yake.

Neva kwanza, misuli baadaye

Mtazame mgeni aliyelala kwenye benchi kwa mara ya kwanza, mikononi ana chuma kitupu cha kilo 20, bila pleti hata moja. Mkono wa kulia unatangulia, wa kushoto unatetemeka. Chuma kinapanda mshazari, kinamwelekea usoni badala ya kifuani. Miguu inatafuta sakafu. Ukimtazama utasema hana nguvu kabisa. Nguvu anazo, amri zinazotoka kichwani ndizo hazijapangika.

Kila neva inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye msuli inashika kundi lake la nyuzi. Yapo makundi madogo yenye nyuzi chache, na makubwa yenye mamia na hata zaidi. Elwood Henneman wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba mwili huyaita kwa utaratibu: madogo huanza, makubwa huitwa kadiri mzigo unavyozidi. Asiyezoea hushindwa kuyaita yote ya mwisho kwa wakati mmoja, na misuli inayopaswa kulegea hukaza ikawa inavuta upande wa pili. Nusu ya jasho lake linakwenda kupigana na mwili wake mwenyewe.

Mwaka 1979 Toshio Moritani na Herbert deVries walichapisha utafiti ambao bado unatajwa hadi leo. Waliwafanyisha watu mazoezi ya mkono mmoja kwa wiki nane, huku wakipima umeme wa msuli pamoja na unene wake. Wiki za mwanzo nguvu ilipanda ilhali msuli haujanenepa kwa kiasi cha kuielezea. Mabadiliko yalikuwa ya neva. Kunenepa kulishika usukani baadaye. Ushahidi mzuri zaidi ulikuwa kwenye mkono wa pili. Huo haukufanya zoezi lolote, lakini nao uliongezeka nguvu, kwa sababu mafunzo yalikuwa yameingia kwenye mfumo wa neva unaoongoza mikono yote miwili.

Kwa yule wa kwenye benchi, habari hii ina maana kubwa. Baada ya wiki tatu au nne chuma kile kile kinapanda wima, na sasa kina pleti. Ukimpima mkono kwa futi ya fundi cherehani hutaona tofauti, lakini yeye anaiona. Ni mambo machache katika maisha ya mtu mzima yanayotoa majibu upesi namna hiyo. Biashara inaweza kumsubirisha mwaka mzima na masomo zaidi ya hapo. Hapa ndani ya mwezi mmoja ameona ongezeko lake kwa kilo.

Utaratibu huo wa kupandisha uzito hatua kwa hatua una historia ya wodini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, alikuwa akiwatibu askari walioumia magoti katika hospitali ya kijeshi ya Gardiner, Chicago. Desturi ya wakati huo ilikuwa uzito mwepesi na marudio mengi. DeLorme akawapa uzito mkubwa kwa marudio machache, akiuongeza kila waliponyanyua vizuri, na mwaka 1945 akachapisha matokeo. Askari walipata nafuu haraka. Leo kila daftari la jimu lenye tarehe upande mmoja na kilo upande wa pili linafuata njia yake.

Ubongo unaojifunza kutarajia

Ongezeko hilo linageukaje kuwa hamu? Hapo ndipo inapoingia dopamini, kemikali ambayo watu huiita ya raha, ingawa kazi yake kubwa iko kwenye kujifunza na kutarajia. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akiwa Fribourg nchini Uswisi, alisikiliza seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda. Tone likija bila kutarajiwa, seli zililipuka kwa shughuli. Nyani walipozoea kwamba taa ikiwaka tone linafuata, seli zikawa zinaamka kwa taa, na tone lenyewe likapita bila kishindo. Taa ikiwaka na tone lisije, zilinyamaza kupita kawaida. Ubongo, kwa ufupi, hupima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata.

Kanuni hiyo tuliyoipata kwa nyani inafafanua mengi yanayoonekana jimuni. Mgeni anatarajia kidogo na kila wiki anapata zaidi, kwa hiyo miezi ya mwanzo ni mshangao juu ya mshangao. Polepole ishara zinazotangulia zinaanza kubeba raha: kufunga kamba za viatu, mlio wa pleti zikigongana, hata kushika njia ya kwenda huko. Ndiyo sababu mzoefu anasikia hamu kabla hajagusa kitu. Na ndiyo sababu mtu wa mwaka wa tatu hupoa, maana kila anachopata alishakitarajia. Wazoefu wa kweli hupambana na hali hiyo kwa pleti ndogo za kilo moja na robo, au kwa kubadili zoezi ili wawe wageni tena.

Hata hivyo nafuu ya moyo haingoji rekodi mpya. Mwaka 2018 Brett Gordon na wenzake walikusanya majaribio 33 yenye washiriki 1,877, wakaona kwamba mazoezi ya nguvu hupunguza dalili za sonona. Nafuu hiyo haikutegemea mtu ameongeza nguvu kiasi gani. Anayekwenda kwa mwendo wa kinyonga naye ana fungu lake.

Kinachomtofautisha na kuli

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, wanasema binadamu hudumu katika jambo likimpa vitu vitatu: uamuzi wake mwenyewe, hisia ya kuweza, na watu wa kuwa nao. Mnyanyua vyuma anavyo vyote. Anachagua uzito, anachagua idadi, akichoka anapumzika dakika mbili, na akishindwa yupo mwenzake nyuma ya benchi wa kumshikia. Hili halihitaji kiyoyozi. Uswahilini vijana hujaza zege kwenye makopo ya rangi, wakaunganisha mawili kwa bomba la maji, na chini ya mwembe pakawa na jimu yenye utani, kuhesabiana na kuzomeana kwa mapenzi.

Kuli anao wenzake, na nguvu anazo kuliko wote. Lakini uzito anaupangiwa na mwenye mzigo, mapumziko anayaamua dereva wa lori, na kesho gunia haliongezeki kwa kipimo cha maendeleo yake. Mwili wake nao unajua tofauti hiyo. Watafiti wakiongozwa na Andreas Holtermann wa Denmark waliwafuatilia watu 104,046 kwa takriban miaka kumi, na mwaka 2021 wakaripoti kwamba shughuli nzito za wakati wa mapumziko ziliambatana na hatari ndogo ya maradhi ya moyo na vifo, ilhali shughuli nzito za kazini ziliambatana na hatari kubwa zaidi. Sababu wanazozitaja ni pamoja na mapigo ya moyo na shinikizo la damu kubaki juu kwa saa nyingi bila mwili kupata nafasi ya kujirudi. Kunyanyua bila hiari na bila mapumziko kunamchosha mtu, hakumjengi.

Namna ya kumaliza

Kama raha hufundishwa, basi yapo mafundisho mazuri na mabaya. Mwaka 2016 Zachary Zenko, Ekkekakis na Dan Ariely waliwapandisha watu baiskeli ya mazoezi kwa dakika 15. Kundi moja lilianza taratibu na kumalizia kwa nguvu, jingine likaanza kwa nguvu na kumalizia taratibu. Kazi ilikuwa sawa, lakini kundi la pili lilikumbuka zoezi kwa furaha zaidi, na lilitarajia kulifurahia siku nyingine. Jaribio la aina hiyo kwa vyuma lilikuja na picha ile ile. Anayetaka mgeni arudi amwekee zoezi zito mwanzoni na jepesi mwishoni, amwache achague baadhi ya mazoezi, na amwandikie kilo zake mahali atakapoziona.

Haya si mambo ya anasa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, mjini Boston, waliwanyanyulisha vyuma wazee wa makao ya matunzo wenye wastani wa miaka 90. Baada ya wiki nane nguvu ya mapaja ya wale tisa waliomaliza ilikuwa imepanda kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha mikongojo. Mazoezi yaliposimama kwa wiki nne tu, karibu theluthi ya nguvu ilikwisha kupotea. Nguvu haiwekeki akiba. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanyishe misuli kazi angalau siku mbili kwa wiki, na hakuna daktari anayeweza kumsimamia mtu kwa miaka 40 atekeleze ushauri huo. Atakayeutekeleza ni yule aliyekwisha kuupenda. Kwa hiyo mwalimu wa jimu anayemkomoa mgeni siku ya kwanza, mpaka kesho yake ashindwe kuvaa shati, asidhani amemfunza ukakamavu. Amemfukuza.