Vilele 42 kwa saa 24: Mbio zinazoamuliwa mezani kabla ya milimani

KATIKA mji mdogo wa Keswick, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuna jengo la kale liitwalo Moot Hall. Mlango wake ndio mwanzo na mwisho wa mojawapo ya majaribio magumu zaidi ya mbio za milimani. Anayeondoka hapo ana saa 24 kufika kwenye vilele 42 vya eneo la Lake District na kurejea papo hapo. Hakuna bastola ya kuanzisha mbio, hakuna donge nono la fedha, na mashabiki aghalabu ni jamaa wachache waliokuja na chai.

Mzunguko huu huitwa Bob Graham Round, kwa jina la mwenye nyumba ya wageni mjini humo aliyeukamilisha Juni 1932 kwa saa 23 na dakika 39. Miaka 28 ilipita kabla ya mtu mwingine, Alan Heaton, kufaulu mwaka wa 1960. Chama cha waliofaulu kiliundwa 1971 na kimesajili zaidi ya watu 2,000.

Msomaji wa Kenya anaweza kuvidharau vilele hivyo. Kirefu zaidi, Scafell Pike, kina mita 978 tu, ilhali jiji la Nairobi liko juu kuliko hapo. Hata hivyo, ugumu hauko katika kimo cha kilele kimoja. Njia nzima ni takriban kilomita 106, na miinuko yake ikijumlishwa hukaribia mita 8,200, pungufu kidogo ya kimo cha Everest. Kila mita inayopandwa lazima iteremkwe, na ni kuteremka huko kunakoyamaliza mapaja. Isitoshe, tofauti na mashindano ya milimani kama yale ya dunia ya 2022 ambapo Mkenya Patrick Kipngeno alitwaa dhahabu, hapa hakuna njia iliyowekewa alama. Ukungu ukishuka, mtu hubaki na ramani, dira na kumbukumbu yake.

Ndiyo maana maandalizi huanza miezi mingi kabla, tena mezani. Swali la kwanza ni tarehe. Wengi huchagua siku zilizo karibu na katikati ya Juni, kwa kuwa wakati huo jua huko huchwa karibu saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Kwa sisi tuliozoea usiku wa saa 12 mwaka mzima, hiyo ni zawadi isiyo kifani. Mwenye busara hutazama pia mbalamwezi, ingawa mawingu ya eneo hilo hayaheshimu kalenda.

Kisha huja ratiba. Ukigawa saa 24 kwa vilele 42, kila kimoja hupata dakika 34 hivi, lakini hesabu hiyo hudanganya. Barabara huikata njia katika sehemu tano: ya kwanza ina vilele vitatu, ya pili 12, ya tatu 15, ya nne tisa na ya mwisho vitatu. Skiddaw, ambacho aghalabu huwa cha kwanza, hudai zaidi ya saa moja, ilhali kwingineko vilele viwili hutenganishwa na dakika kumi. Mapumziko manne ya kubadilisha soksi na kunywa supu, kila moja likichukua robo saa, humeza saa nzima. Kwa hivyo wengi hupanga kumaliza kwa saa 23 au pungufu, na kuacha akiba ya kupotea njia au tumbo kuchafuka.

Uamuzi mgumu zaidi umo katika sehemu ya tatu. Kati ya Scafell Pike na kilele jirani cha Scafell kuna ukuta wa mwamba uitwao Broad Stand. Kuukwea huokoa muda, lakini mwamba ukilowa huwa hatari, na wengi hutanguliza wenzao wakawasubiri hapo na kamba. Asiyetaka hatari hiyo huteremka, akazunguka na kupanda upya. Jambo hili halifai kuamuliwa na mtu aliyekwisha kukimbia nusu ya safari. Baada yake kuna bonde la Wasdale, ambako magari yenye chakula na viti husubiri. Mbele kumesimama Yewbarrow, mteremko mkali unaopandwa kwa miguu iliyokwisha kukakamaa. Wengi huishia hapo kwenye viti.

Jambo linaloutofautisha mzunguko huu na mengine mengi ni ushahidi. Chama hakimsajili aliyekimbia peke yake: kila kilele lazima mtu mwingine awepo na kushuhudia. Hivyo mkimbiaji huhitaji wasindikizaji wawili au watatu kwa kila sehemu, yaani watu kumi hadi 15 walio tayari kukesha milimani bila malipo. Wao hubeba maji na chakula, husoma ramani na kuandika saa ya kufika kila kilele. Usiku mmoja wao akiteguka kifundo cha mguu, ratiba nzima huyumba.

Wasindikizaji hao hawapatikani kwa kuombwa tu. Aghalabu mwenye kupanga mzunguko wake huwa amewasindikiza wengine kwanza, na hapo ndipo alipojifunza njia. Manufaa ya kuijua ardhi yalionekana kwa Joss Naylor, mfugaji wa kondoo wa Wasdale aliyefariki 2024. Mnamo 1975 alifika vilele 72 kwa saa 23 na dakika 20.

Wepesi nao wamepunguza muda. Rekodi ya Billy Bland ya 1982, saa 13 na dakika 53, ilidumu miaka 36 hadi Mhispania Kilian Jornet alipotumia saa 12 na dakika 52 mwaka wa 2018. Mmarekani Jack Kuenzle aliipunguza hadi saa 12 na dakika 23 mwaka wa 2022. Lakini orodha ya chama haina daraja: aliyetumia saa 13 na aliyeufikia mlango dakika moja kabla ya saa 24 kutimia wote ni wanachama. Anayechelewa kwa dakika moja hurudi mezani kuchagua tarehe nyingine.