Intaneti ya Nyumbani Hupimwa Siku Inapokatika

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Tanzania iliumia sana: Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma tarehe 14 na 15 kwa sababu ya udhaifu wa mtandao. Kampuni iliyokuwa na njia nyingine, mathalani mkongo wa TEAMS unaotoka Mombasa kwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilikuwa na pa kupitisha mawasiliano ya wateja wake. Isiyokuwa nayo ilisubiri meli ya matengenezo.

Njia hiyo ya pili haiandikwi kwenye matangazo ya vifurushi. Kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni kasi na bei, na wengi huchagua kwa hayo mawili tu. Lakini filamu yenye picha safi ya HD huhitaji Mbps 5 hivi, kwa hiyo familia ya kawaida hutosheka na kifurushi cha Mbps 20. Kampuni nyingi za mjini zinaweza kuitoa kasi hiyo. Tofauti kubwa iko kwa fundi na kwa anayepokea simu.

Hitilafu nyingi, hata hivyo, hazitokei baharini. Waya wa faiba hupita kwenye nguzo na mitaroni. Greda likichimba barabara au lori refu likipita chini ya waya uliolegea, mtaa mzima hukosa mtandao. Hapo kwenye kisanduku cha ukutani kinachopokea waya huo nyumbani huwaka taa nyekundu iliyoandikwa LOS, yaani mwanga haufiki. Taa hiyo ikiwaka, kuzima na kuwasha ruta hakusaidii kitu. Kampuni nayo ina uwezo wa kuona kutoka ofisini kwake kwamba kisanduku cha mteja kimepotea hewani. Mhudumu anayejua kazi huitazama laini ya mteja, akasema tatizo liko wapi na fundi anakuja lini. Anayemwambia mteja azime ruta kwa mara ya tatu anasoma karatasi tu, na kampuni iliyomweka hapo haikumpa vifaa vya kumsaidia mtu.

Ushahidi bora kuhusu mafundi uko kwa jirani. Katika mfumo wa faiba unaotumika sana majumbani, waya mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, hivyo wanaotumia kampuni moja katika mtaa mmoja mara nyingi huugua ugonjwa mmoja. Jijini Dar es Salaam, sifa alizozisikia mtu kutoka Mikocheni hazimwambii mengi kuhusu Mbagala. Aulizwe jirani wa ukuta kwa ukuta, au mlinzi wa ghorofa: mara ya mwisho mtandao ulipokatika, fundi alichukua siku ngapi?

Jambo lingine ni fedha, na hapa mteja wa Afrika Mashariki yuko katika hali ngumu. Kwa kawaida hulipia mwezi mzima mapema, kisha siku zikipotea anaachwa abembeleze. Nchini Uingereza, mpango uliosimamiwa na mdhibiti Ofcom kuanzia Aprili 2019 uliyafanya makampuni yaliyojiunga, yakiwemo BT, Sky na Virgin Media, yamlipe mteja bila yeye kuomba pale laini inapokaa zaidi ya siku mbili za kazi bila kutengenezwa. Fidia ilianza na pauni 8 kwa siku. Utaratibu wa namna hiyo unafaa kudaiwa huku pia. Kwa sasa, anayetaka kujiunga aulize kabla ya kulipa: siku zilizopotea zinaongezwa kwenye kifurushi? Jibu alipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp, kwa sababu ahadi ya mdomo ya muuzaji ni ngumu kuithibitisha.

Kuna pia kipimo rahisi cha anayepokea simu. Kabla ya kujiunga, mteja apige namba ya huduma kwa wateja, siyo ya mauzo, Jumamosi saa mbili usiku. Namba ya mauzo hupokewa haraka kila mahali.

Mtandao ukikatika, mteja adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake na kuihifadhi pamoja na tarehe na saa. Bila hiyo, hata lalamiko la haki hukosa mahali pa kushikia. Kampuni ikishindwa kulitatua, ngazi inayofuata Tanzania ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na lipo pia baraza la watumiaji, TCRA-CCC, linalowatetea. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Milango hiyo iko wazi kwa kila mteja, hata mwenye kifurushi cha bei ya chini kabisa, na wanaoumia kimya kimya wanaombwa waitumie.