Jani si Singa: Mafunzo kutoka Korogwe na Handeni



Katika mkutano uliopita lilizuka shauri ambalo halikumalizika. Baadhi ya vijana wetu walisema kwamba ukurasa wa chama katika intaneti una wafuasi wachache mno, wakataka chama kitoe fedha kununua wafuasi, ili tuonekane wengi. Mzee mmoja akauliza, "Wafuasi hununuliwaje?" Akajibiwa kwamba wako watu wauzao hesabu hizo kwa maelfu. Shauri likaahirishwa.

Kabla hatujakutana tena, yafaa tuwatazame wakulima wenzetu wa bara, walimao mkonge katika wilaya za Korogwe na Handeni, maana zao lao lafundisha jambo hili vizuri.

Mgeni aendaye Korogwe huyaona mashamba makubwa ya mkonge, kama vile Hale, Ngombezi na Magunga. Akiendelea kilomita 65 hivi mpaka Handeni, nchi huwa kavu zaidi, na huko pia mkonge hulimwa, kwa kuwa wastahimili ukame. Majani hukatwa kwa mkono, hufungwa mafungu, kisha hupelekwa kwenye korona, yaani mashine ipondayo jani na kulikwangua mpaka zitoke singa.

Sasa angalieni hesabu. Katika kilo 100 za majani mabichi, singa kavu zipatikanazo ni kilo 4 hivi tu. Yaliyobaki ni maji na makapi. Singa hizo huanikwa, hupigwa brashi, na kupangwa madaraja kwa urefu, rangi na usafi. Mnunuzi hulipa kwa daraja, wala haulizi ni trela ngapi za majani zilizoingia kiwandani.

Hata asili ya zao hili ni hivyo hivyo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika Tanga, iliyokuwa hai ni 62 tu. Hiyo 62 ikapandwa na kutunzwa, ikazaa mingine, hata Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 mavuno yalifika tani 230,000 hivi. Ile miche 938 iliyokufa haikutoa hata singa moja.

Wafuasi wa kununuliwa ni kama ile 938. Mwezi wa Julai 2018 kampuni ya Twitter iliondoa katika hesabu zake akaunti zilizokuwa zimefungwa kwa kutiliwa shaka. Watu mashuhuri wakapungukiwa wafuasi kwa mamilioni. Namba ilishuka, lakini hakuna rafiki wa kweli aliyepotea.

Nasi wenye karafuu twalijua jambo hili tangu utoto. Asiyechambua makonyo hujaza gunia upesi, na karafuu mbichi ina uzito mwingi kuliko kavu. Lakini kituoni gunia hufunguliwa, mkono huingizwa ndani, na hila yote huonekana. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: fedha hizo zisinunue majina yasiyo na watu. Zinunue majamvi ya kuanikia, na zimlipe kijana mmoja awe anaandika katika ukurasa wetu habari za mvua, za kuanika na za kutunza miche, tena ajibu maswali ya wanachama siku ile ile. Mwanachama mmoja wa Micheweni akisoma onyo la mvua, akawahi kuanua karafuu zake, huyo ametufaa kuliko wafuasi elfu ambao hata mkarafuu hawaujui.

Vijana wetu hawakukosea kutaka chama kijulikane. Basi na kijulikane kwa karafuu safi na maneno ya kweli. Njoni mkutanoni, kila mtu atoe kauli yake.