Uraia wa Tanzania: walikubaliwa 2010, karatasi wakaipata 2014

Wakaaji wengi wa Fizi, Uvira na Kalemie wana ndugu ng'ambo ya ziwa, zaidi kambini Nyarugusu. Swali linarudi kila mara kwenye simu: mtu akikaa Tanzania miaka na miaka, mwisho watamupa uraia? Ili kujibu, tuangalie kwanza dosie ya Warundi.

Hao walikimbia mauaji ya 1972. Tanzania iliwapa mashamba katika makazi matatu: Katumba na Mishamo upande wa Mpanda, na Ulyankulu upande wa Tabora. Wakalima, wakazaa. Mwaka wa 2007 wakahesabiwa na kuulizwa: munarudi Burundi, ao munaomba uraia hapa? Karibu wanne kwa kila watano walisema wanabaki.

Kwa kawaida maombi ya uraia yanapita moja moja, biro kwa biro, mpaka kwa waziri wa mambo ya ndani. Kwa watu wengi namna ile, kazi ingekula miaka mingi. Njo maana serikali, ikisaidiwa na HCR, ilifungua njia ya pekee ya kuwapokea wote kwa kipindi kimoja. Mwezi wa nne 2010, watu 162,000 hivi walikuwa wamekubaliwa.

Kwenye rejista, dosie zimekwisha. Lakini karatasi zenyewe hazikutoka! Sharti lilikuwa watu waache makazi yale na kutawanyika katika mikoa mingine. Huko mikoani watu wakanung'unika: mashamba yatatoka wapi, na shule? Mpango ukasimama. Miaka minne watu wakabaki katikati: uraia wa Burundi wamekubali kuuacha, ule wa Tanzania hawana cha kuonyesha. Bila karatasi, hata kujiandikisha kwa uchaguzi haiwezekani. Mwezi wa kumi 2014, wakati wa Rais Kikwete, njo zikaanza kugawanywa, na watu wakaruhusiwa kubaki mahali walipo.

Sasa, ndugu zetu wa Nyarugusu? Kambi ile ilifunguliwa 1996, na njia ile ya pekee haikuwahusu. Ilikuwa ya Warundi wa 1972 wa makazi yale matatu. Mtu akikuletea fomu ya kulipia makuta, akisema «ni kama ile ya Warundi», muulize barua ya serikali kwanza.

Kuna jambo lingine watu wanasahau. Sheria yetu ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema uraia wa Kongo ni mmoja, haukai pamoja na mwingine. Anayepokea wa inchi nyingine anapoteza huu; kuurudisha inawezekana, lakini ni dosie mupya. Tanzania nayo haikubali mutu muzima awe na mbili. Na kwa sheria ya ardhi ya 1973, konsesio ya daima ni ya Mukongomani peke yake. Kama familia ina kiwanja chenye karatasi ya namna hiyo Uvira ao Baraka, na jina lililoandikwa ni la yule anayeomba uraia ng'ambo, zungumzeni mbele hajatia sahihi.