Timu ya Chuo cha Texas Western na Ushindi wa Mwaka 1966

Muhula uliopita bweni letu lilishindwa katika mchezo wa mwisho wa mpira wa kikapu kwa pointi 1 tu. Katika dakika ya mwisho nilipewa mitupo huru 2, na yote miwili iligonga chuma ikarudi. Nami ndiye niliyekuwa kapteni. Baada ya mchezo wenzangu walinifariji wakisema kwamba mitupo huru ni bahati, na ya kwamba tungalishinda kama tungalikuwa na vijana warefu zaidi. Maneno hayo yalinipendeza, nami niliyasema kwa watu wengi. Lakini wakati wa likizo nilisoma habari za timu moja ya chuo huko Marekani, na sasa siwezi kuyasema tena. Nataka kuwaeleza sababu yake.

Chuo chenyewe kiliitwa Texas Western, nacho kiko katika mji wa El Paso, mpakani kabisa mwa Marekani na Mexico. Tangu mwaka 1967 chaitwa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Mwalimu wa timu yake ya mpira wa kikapu, Don Haskins, alianza kazi huko mwaka 1961. (Filamu moja iliyotolewa mwaka 2006 yaonyesha kana kwamba ushindi ulipatikana katika mwaka wake wa kwanza, lakini sivyo.) Chuo hakikuwa na sifa kubwa, wala vijana hodari hawakukikimbilia. Kwa hiyo wachezaji walitafutwa mbali. Bobby Joe Hill alitoka upande wa Detroit. Orsten Artis na Harry Flournoy walitoka Gary, Indiana. David Lattin alitoka Houston. Willie Worsley, Nevil Shed na Willie Cager walitoka New York. Hao saba wote walikuwa Wamarekani weusi. Katika timu walikuwapo pia wachezaji wengine watano wasio weusi.

Ili tuufahamu uzito wa jambo hili, yafaa tukumbuke hali ya Marekani wakati ule. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya nchi ile ilikuwa imekwisha kuamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kinyume cha Katiba, na mwaka 1964 ilitungwa sheria kubwa ya haki za raia. Lakini sheria ni jambo moja na desturi ni jambo jingine. Katika umoja wa michezo wa vyuo vikubwa vya kusini-mashariki, ambamo Chuo Kikuu cha Kentucky kilikuwamo, hapakuwa hata na mchezaji mmoja mweusi katika timu kuu za mpira wa kikapu. Katika vyuo vingine walikuwapo, na mwaka 1963 chuo cha Loyola cha Chicago kilitwaa ubingwa kikiwa na weusi 4 kati ya wachezaji 5 walioanza. Hata hivyo, ilikuwapo desturi isiyoandikwa popote kwamba weusi wasizidi idadi fulani uwanjani kwa wakati mmoja. Kadhalika wako watu waliosema kwamba watu weusi hujua kukimbia na kuruka tu, na ya kwamba wakiachwa peke yao hawawezi kucheza kwa akili na utulivu.

Sasa tutazame msimu wenyewe, ulioanza mwishoni mwa mwaka 1965. Texas Western ilishinda michezo 23 mfululizo. Tarehe 5 Machi 1966 ilishindwa na chuo cha Seattle kwa pointi 74 kwa 72, na huo ndio mchezo pekee iliopoteza msimu mzima. Kisha yakaja mashindano ya taifa, ambayo timu ikifungwa mara moja hurudi nyumbani. Iliishinda Oklahoma City 89 kwa 74. Iliishinda Cincinnati 78 kwa 76 baada ya dakika za nyongeza. Mchezo na Kansas ulihitaji nyongeza mara mbili. Mwishoni mwa nyongeza ya kwanza, Jo Jo White wa Kansas alitupa mpira kutoka mbali ukaingia, lakini mwamuzi alikata kwamba mguu wake ulikuwa umekanyaga mstari wa pembeni. Basi mchezo uliendelea, na Texas Western ikashinda 81 kwa 80. Baada ya hapo iliishinda Utah 85 kwa 78, ikaingia fainali.

Fainali ilichezwa tarehe 19 Machi 1966 huko College Park, katika jimbo la Maryland. Wapinzani walikuwa Kentucky, timu iliyohesabiwa kuwa ya kwanza katika nchi nzima. Mwalimu wao, Adolph Rupp, alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa mara 4. Wachezaji wa Kentucky walikuwa Wazungu watupu, na hawakuwa warefu sana, bali walisifiwa kwa mbio na kwa kulenga vizuri. Haskins alifikiri jinsi ya kuzizuia mbio hizo. Akamweka benchi Shed, aliyekuwa mrefu, akamwanzisha Worsley, mwenye kimo cha futi 5 na inchi 6 tu. Hivyo ndivyo weusi 5 walivyoanza katika fainali ya taifa, jambo ambalo halijapata kutokea kabla ya siku ile. Na wote saba walioingia uwanjani kwa upande wa Texas Western walikuwa weusi. Haskins mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakukusudia kuandika historia. Aliwachezesha wale waliokuwa bora, maana alitaka kushinda.

Katika kipindi cha kwanza Bobby Joe Hill aliwanyang'anya mpira Kentucky mara 2 zikifuatana, na kila mara alikimbia peke yake akafunga. Wakati wa mapumziko ilikuwa 34 kwa 31. Kentucky walijaribu sana kurudi, lakini mwisho wa mchezo ulikuwa 72 kwa 65. Hill alifunga pointi 20.

Hapa ndipo penye fundisho langu. Wakati ule kila mpira ulioingia kikapuni katika mchezo wa kawaida ulikuwa pointi 2, hata ukitupwa kutoka mbali, na mtupo huru ulikuwa pointi 1. Kentucky walitupa mara 70 wakafunga mara 27. Texas Western walitupa mara 49 tu, wakafunga mara 22. Kwa hesabu hiyo Kentucky walikuwa mbele kwa pointi 54 kwa 44. Basi walishindwaje? Walishindwa kwa mitupo huru. Kentucky walipata 13, wakafunga 11. Texas Western walipata 34, wakafunga 28. Jumlisha mwenyewe: 44 na 28 ni 72, 54 na 11 ni 65.

Mtupo huru hauhitaji kimo wala mbio. Mstari uko futi 15 kutoka kwenye ubao, na pete iko futi 10 juu ya ardhi, kwa mrefu na mfupi vilevile. Hakuna mtu anayekuzuia. Wakati wote wanakutazama, nawe wahitaji utulivu na mkono uliozoea kwa kurudia kitendo kilekile kila siku. Wale walioambiwa kwamba hawana akili wala utulivu walifunga 28 kati ya 34 katika mchezo mkubwa kuliko yote. Nani atasema hiyo ni bahati?

Ushindi huo haukupokewa na wote kwa furaha. Haskins na timu yake waliletewa barua nyingi za matusi. Lakini milango ilifunguka kidogo kidogo. Katika msimu wa 1970 hadi 1971 Kentucky wenyewe walimchezesha mchezaji wao mweusi wa kwanza, Tom Payne. Mwaka 2007 timu nzima ya Texas Western ya mwaka 1966 iliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu.

Narudi sasa bwenini kwetu. Sisi nasi tunayo desturi isiyoandikwa popote: kwamba kidato cha nne hucheza kwanza, na wadogo huchota maji na kushika mashati. Sisemi kwamba jambo hili ni sawa na dhuluma waliyotendewa watu weusi wa Marekani, hata kidogo. Lakini yuko kijana wa kidato cha pili, mfupi, ambaye siku ile ya fainali hakuingia uwanjani hata dakika 1. Muhula huu nimehesabu mitupo yetu kila jioni. Kwa kawaida yeye hufunga 8 katika 10. Mimi hufunga 5, na siku njema 6.

Orodha ya timu huandikwa na kapteni. Nimekwisha kuiandika na kuipeleka kwa mwalimu wa michezo. Baadhi ya wenzangu wa kidato cha nne wamekasirika, na mmoja hanisemeshi. Wazazi mtakaokuja Siku ya Michezo mtamwona kijana huyo akianza, nami mtaniona nimekaa benchi nikisubiri zamu yangu. Jioni bado nakwenda uwanjani kutupa. Jana nilifunga 7.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne