Nani Alimlisha Simba?

Simba alishuka garini saa mbili asubuhi akitikisa mkia. Mama mwenye mbwa alikuwa na uhakika: tangu jana jioni hajatia kitu mdomoni, bakuli lake amelifungia stoo yeye mwenyewe. Nikampima uzito, nikamsikiliza moyo, nikamchoma sindano ya kumlegeza. Hazikupita dakika tano akainamisha kichwa na kutapika kwenye vigae vyangu: ugali wa dona, vichwa vya dagaa na kipande cha chapati ambacho hakikuwahi kutafunwa. Mama akanitazama kana kwamba nimefanya mazingaombwe.

Aliyemlisha ni mlinzi. Kila usiku, mida ya saa nane, wawili hao hugawana kiporo, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba asubuhi Simba anakwenda kuhasiwa.

Tulikuwa na bahati. Zailazini, dawa ninayoitumia sana kutangulizia nusukaputi, ina tabia ya kutapisha, na Simba alitapika akiwa bado anajitambua. Mnyama aliye macho akitapika, koo lake linajua kazi: njia ya hewa hujifunga na chakula hutoka nje. Aliyelala fofofo hana ulinzi huo. Msuli unaobana mlango wa tumbo umelegea, kikohozi hakuna, na ule uji wenye tindikali hupanda kimyakimya hadi kooni kisha kuteremkia mapafuni. Upasuaji unaweza kwenda vizuri, mshono ukapendeza, na mbwa akafa kwa nimonia siku chache baadaye.

Kwa hiyo ninapomwambia mtu mnyama asile, naiambia nyumba nzima: mlinzi, dada wa kazi, watoto wanaodondosha maandazi, hadi jirani mwenye huruma. Na kwa kuwa mbwa wetu wengi hufunguliwa usiku walinde, usiku huo afungiwe bandani, maana pipa la taka haliambiliki. Kwa mbwa au paka mzima mwenye afya, chakula cha mwisho saa mbili usiku kinafaa kwa upasuaji wa asubuhi. Maji aachiwe mpaka karibu na muda wa kuondoka. Wapo wanaomnyima maji tangu jana yake wakidhani wananisaidia; kwa joto hili la Dar es Salaam wananiletea mnyama aliyekauka, ambaye presha itamshuka zaidi akishalala.

Watoto wa mbwa na wa paka wana hesabu yao. Akiba yao ya sukari ni ndogo, na wakilala njaa usiku kucha inaweza kushuka hadi wakatetemeka na kuzimia. Hao hufungishwa saa chache tu, na daktari ndiye wa kupanga ngapi. Anayewashangaza watu ni sungura: yeye hafungi kabisa. Hawezi kutapika, na tumbo lake likisimama ni shida kuliamsha. Mlete na majani yake.

Baada ya chakula, kinachoninyima usingizi ni kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye huzaliana hata kwenye nyufa za ukuta wa banda, hueneza bakteria aitwaye Ehrlichia canis. Bakteria huyo hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu na anaweza kutulia miezi, hata miaka, mbwa akila na kubweka kama kawaida. Kinachopungua ni chembe sahani, zile zinazogandisha damu kwenye jeraha. Kwa nje huoni kitu. Ukishamfungua tumbo kutoa kizazi, kila pale sindano ilipopita panavuja, na wewe umesimama na pamba mkononi ukiomba Mungu.

Ndiyo maana naomba kipimo cha damu hata kwa mbwa anayeruka ukuta, na ndiyo maana watu huninung'unikia bei. Kwa mbwa mzima, chembe nyekundu hujaza takriban asilimia 37 hadi 55 ya damu. Zikiwa chini ya hapo nataka kujua sababu kabla sijashika kisu. Nyumbani nawe unaweza kuanza: inua mdomo wa juu utazame fizi. Zikiwa nyeupe, au zina vidoa vyekundu kama vya kuchomwa na pini, usingoje siku ya miadi. Mwenye fizi nyeusi mvute kope ya chini utazame ndani.

Kisha niambie kila ulichompa, hata kile unachokionea aibu. Sitakugombeza. Aspirini ya juzi bado inazuia chembe sahani kufanya kazi leo. Paracetamol kwa paka ni sumu, hata kidonge kimoja kinaweza kumwua. Kama ni jike na yuko kwenye joto, sema pia: mishipa ya kizazi imejaa damu, na kama hakuna dharura nitakuomba usubiri miezi miwili au mitatu.

Mengine ni madogo. Mwogeshe siku mbili kabla, maana hataguswa na maji mpaka mshono upone, siku 10 hadi 14. Mbwa ajisaidie kabla ya kuingia. Paka aje kwenye kikapu chenye mfuniko. Kumpakata kwenye bodaboda nimeona kunavyoishia, na paka huyo hatukumpata tena.

Simba nilimrudisha nyumbani siku ile. Wiki iliyofuata aliletwa na mlinzi mwenyewe, kamba kaizungusha mkononi mara tatu. Nikamuuliza mbwa amekula nini.

"Hakuna, dokta. Na mimi sikula, angenitazama vibaya."